Chungu na Kaure

Juzi, barazani hapa Mtoni, mshairi mwenzangu alitupa neno lililonikaa kooni. Alisema tungo za siku hizi ni vyungu, ilhali za wazee wetu zilikuwa kaure. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na leo namjibu kwa kalamu.

Kwanza, akijue anachokidharau. Udongo wa chungu hupondwa, hutiwa mchanga, hukandwa, hufinyangwa, kisha huanikwa kivulini siku kadhaa. Mwenye pupa akiutia motoni ungali na unyevu, maji hugeuka mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea, chungu kikapasuka. Ndiyo kazi ya mchanga ule: kuupisha mvuke. Moto ukipita nyuzi 500 hivi, hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na tangu hapo haurudi tena kuwa tope. Hubaki vitundu visivyoonekana kwa jicho; kwa hivyo mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka, maji ya ndani hupoa. Kaure, iliyochomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,200 hata ikawa kama kioo, haina jasho. Inapendeza machoni, lakini haimpoozei maji mwenye kiu.

Pili, alijue deni lake. Wazee wetu waliipachika kaure ya Uchina makaburini na misikitini. Chungu kilipovunjika kilitupwa jaani. Baadhi ya waandishi wa enzi ya ukoloni wakadai ati Mswahili hana asili hapa, kila chema alishushiwa na jahazi. Nani aliwajibu? Si kaure, kwani nayo ilishuka jahazini. Si jumba la Sayyid Said hapa Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Hilo ni la juzi. Vilivyojibu ni vigae. Wataalamu waliochimba Unguja Ukuu, miongoni mwao Abdurahman Juma, walikuta vyombo vya kienyeji vilivyochorwa pembetatu, vya tangu karne ya 7 hivi, ndugu wa vile vya Shanga, huko Lamu, na vya bara. Shahidi wetu alikuwa jaani.

Tatu, twapenda kusema mfinyanzi hulia gaeni, tukatikisa vichwa kana kwamba ni kudura. La hasha! Hulia gaeni kwa sababu yetu. Twaazima neno lake tukajisifu kuwa "tunafinyanga" mashairi, na sokoni twamvutia bei hadi shilingi ya mwisho, kisha twanunua ndoo ya plastiki bila ya kuuliza. Mikono hiyo, aghalabu ya akina mama, yazeeka bila ya wanafunzi. Udongo uwahi ungali maji.

Basi, ndugu yangu, ukiniita mtunzi wa vyungu, nashukuru. Ila siku ya jua kali nipitie nyumbani, nikutekee maji ya mtungini. Unywe, kisha useme tena.