Ini la mtoto na uji mtupu
Unyafuzi, yaani kwashakoo, humpata hata mtoto anayeshiba. Aliyeachishwa ziwa na kuzoezwa uji mtupu wa mahindi hupata wanga mwingi, na ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Mafuta hayo huhitaji protini ya kuyabeba hadi kwenye damu. Ikikosekana, mafuta hulundikana, ini likatanuka. Albumini, protini ya damu, hupungua, miguu huvimba: ukiibonyeza, shimo hubaki. Mahindi yenye ukungu huongeza sumukuvu, adui mwingine wa ini, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Huko Manyara, Jorodom kama Mbulu na Hanang kote, vyakula vya protini kama maharage na maziwa si vigeni. Halmashauri zipeleke maofisa lishe kliniki za watoto, na mahindi yapimwe kabla ya kusagwa.