Jaji wa mbwa akisema "saundi"

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana kweli kweli. Leo naomba tuzungumze kuhusu mbwa. Msicheke kwanza!

Kila Machi kule Birmingham hufanyika Crufts, maonyesho ya mbwa yaliyoanzishwa na Charles Cruft mwaka 1891. Machi iliyopita niliyatazama kwenye TV nyumbani kwa jirani yangu, bibi wa Kiingereza aliyefuga mbwa wa maonyesho miaka mingi. Nikaangua kicheko: mtu mzima na suti yake anamfunua mbwa midomo! Bibi hakucheka. Akaniuliza, "Wewe nesi, daktari akimfunua mgonjwa mdomo huwa unacheka?" Nikanywea.

Basi akanifundisha. Kumbe mbwa wale hawalinganishwi wao kwa wao tu. Kila aina ina kiwango chake kilichoandikwa, na jaji anatafuta nani amekikaribia zaidi. Ndiyo maana kambwa ka kupakatwa kanaweza kulishinda jibwa kubwa.

Maneno yenyewe ni haya. "Taipu" ni zile sifa zinazokufanya umtazame mbwa na kujua mara moja ni wa aina gani. "Toplaini" ni mstari wa mgongo. "Angulesheni" ni pembe za mifupa inapokutana begani na kwenye miguu ya nyuma. "Stopu" ni kale kabonde katikati ya macho, pua inapoanzia. "Meno ya mkasi" ni meno ya juu kupita mbele ya ya chini yakigusana kidogo. Na "saundi" (siyo ile ya kumpigia mtoto wa watu!) maana yake mwili mzima hauna hitilafu, mbwa anatembea vizuri.

Jamani, hii si ndiyo lugha yetu ya wodini? Nilipofanya OSCE, ule mtihani wa vitendo wa manesi tuliosomea nje, kazi niliijua ila sikujua karatasi ya msimamizi ilitaka nini. Nikafeli mara ya kwanza. Nililia, nikadhani wananionea. Niliporudia nilikuwa nimeyaelewa maneno, nikapita. Kwa hiyo siwezi tena kumcheka jaji kwa maneno nisiyoyajua.

Lakini hapa ndipo mimi na bibi tulipoachana. Yeye anasema taipu kwanza. Mimi nasema hapana, saundi kwanza! Mwaka 2008 BBC ilirusha filamu kuhusu maradhi ya mbwa wa ukoo safi, ikazua zogo, na Kennel Club ikapitia upya viwango vyake. Mwaka 2012 pale pale Crufts washindi wa aina 15 walitakiwa kupimwa na daktari wa mifugo. Sita hawakupita, wakiwemo Bulldog na Pekingese. Fikirieni, jaji ameshampa ushindi, daktari anakuja kusema huyu si mzima!

Uso bapa kwenye karatasi ni sifa. Kwangu mimi ninayekaa na wagonjwa wa kifua usiku kucha, pumzi inayokoroma mchana kweupe ni dalili. Kiumbe hawezi kusema "nesi, nabanwa", halafu tunampa utepe.

Baba yangu kule Shinyanga hana kiwango kilichoandikwa. Mnadani, kabla hajauliza bei, husema, "Mtembeze kwanza." Rangi na pembe baadaye. Nadhani angekuwa jaji mzuri.

Maoni yangu ni hayo. Tujifunze maneno ya majaji ili tujue wanachosifia. Tukishayajua, tuwaulize pia: huyu mnayemsifia, anapumua?

Nyie wenzangu mnasemaje? Bibi amenialika tena wikiendi, nataka nimpelekee majibu. Haya, naenda zamu. Tuombeane uzima.