KIPIMO CHA DAMU NA SARATANI YA INI

Mwaka 2011 wataalamu wa Shanghai, nchini China, walitoa habari inayotuhusu hata sisi tulio mbali. Walipima damu ya watu 934: wengine wazima, wengine wenye virusi vya homa ya ini aina ya B, wengine wenye ini lililokwisha kuota makovu, na wengine wenye saratani. Wakaona kwamba vipande 7 vidogo mno viitwavyo maikro-RNA, ambavyo kazi yake ni kuongoza vinasaba, vikipimwa kwa pamoja vyaweza kuifichua saratani hiyo ingali changa.

Jambo hilo si dogo. Ini ni kiungo kivumilivu mno. Halilalamiki mpaka limekwisha kuharibika. Kipimo cha zamani, kile cha protini iitwayo alfa-fetoprotini, hupitwa na uvimbe mwingi ulio mdogo, na altrasaundi yataka jicho la mtu aliyefundishwa.

Lakini twauliza: atapimwa nani? Saratani hii hutafutwa kwa mtu ajulikanaye kuwa ana virusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na virusi vya aina ya B, na katika kila 100 ni 13 tu waliokuwa wametambuliwa. Hao 87 hawatakwenda kupimwa, kwani hawajui kama wana sababu ya kwenda.

Tena virusi vya China, kwa sehemu kubwa, ni vya jamii za B na C. Vya Afrika Mashariki ni vya A na D. Na huku kwetu saratani hii huwapata wengi wangali vijana. Kwa hiyo kipimo hicho hakina budi kujaribiwa hapa, katika damu za watu wetu.

Wakati hayo yakingojewa, kinga ipo: chanjo ya mtoto katika saa 24 za kwanza. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana. Katika Kanda ya Afrika ya Shirika hilo, mwaka 2022 watoto 18 tu katika kila 100 waliipata dozi hiyo. Wizara zetu za afya na zituambie ni lini kila chumba cha kujifungulia kitakuwa nayo, na ni lini kila mama mjamzito atapimwa virusi hivyo kama apimwavyo kaswende.