FUNDI NYUMBANI: Usiilaumu gia kabla ya kukagua shafti

Agosti 2019, binti yangu akiwa likizoni, tulikodi mashua Naivasha ili tuvue bass, samaki aliyeletwa ziwani humo kutoka Marekani katika miaka ya 1920. Mara akanasa mmoja. Binti akazungusha mkono wa rili, ukagota, ukaruka meno, mshipi ukalegea na samaki akaenda zake. Hadi tunafika Nairobi hakunisemesha. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu nimhakikishie kwamba rili nimeitengeneza.

Na kweli nilikuwa nimeitengeneza, ila vibaya. Niliona gia kubwa imelika meno, nikanunua mpya na kuitia kwenye shafti kuukuu. Msomaji, katika rili hii inayokaa juu ya ufito, shafti ndiyo hubeba kila kitu. Nje imefungwa mkono. Ndani imeshika gia kubwa na washa za breki. Gia hiyo huzungusha gia ndogo ya spuli, yaani pale mshipi unapozingwa. Kama uwiano ni 5 kwa 1, mkono ukienda mara moja spuli huenda mara 5. Shafti ikilika, gia kubwa huinama na meno hugusana kwa ncha tu. Gia mpya nayo hutafunwa vivyo hivyo.

Kwa hivyo shika mkono wa rili, utikise juu na chini bila kuuzungusha. Ukicheza, kaza nati yake kwanza, huenda taabu ni hiyo tu. Ukizidi kucheza, fungua.

Rili za namna hii zilianzia kwa mafundi wa saa. George Snyder wa Kentucky alizitengeneza mwanzoni mwa karne ya 19. Nawe fanya kazi kama fundi wa saa: tandaza kitambaa cheupe mezani, na kila kinachotoka kipange kwa zamu yake. Springi ikirukia chini ya kochi utaitafuta mpaka usiku.

Ondoa nati na mkono, kisha nyota ya breki. Washa zilizopinda kama kisahani, tazama zinaelekeana vipi kabla ya kuzitoa (mimi huzichora kwenye karatasi). Fungua skrubu za ubavuni, inua kifuniko polepole, toa washa za breki na gia. Shafti yenyewe hushikwa na skrubu ndogo au kipini cha springi, kutegemea rili yako. Katika rili za mkono wa kushoto, nati aghalabu hufunguka kinyume, basi usiilazimishe.

Sasa itazame shafti. Yangu ilikuwa na mfereji uliong'aa pale inapokaa kwenye beringi, na pembe zake bapa zilikuwa zimeviringika. Ibiringishe juu ya kioo, ikiyumba, imepinda. Fundi wa kukereza vyuma aliniambia wazi kwamba chuma laini alichokuwa nacho kisingedumu, nikaagiza shafti halisi kwa namba iliyopigwa kwenye mguu wa rili. Agiza pia beringi au bushi yake, kwani ikiwa imelika itaila shafti mpya.

Ukirudisha, paka meno ya gia grisi kidogo, na beringi tone moja la mafuta mepesi. Ile beringi inayozuia mkono kurudi nyuma usiitie grisi kamwe, itateleza. Mchanga na maji ya chumvi ndivyo viliimaliza shafti yangu, maana tulitoka nayo Kilifi nikaiweka kabatini bila kuisuuza.

Mkono hautikisiki tena. Binti amekubali kuijaribu, ila nati ameikaza mwenyewe.