Mgane, Yaya na Watoto

Baba akifiwa na mkewe, watu humfariji yeye. Watoto hupewa uji na kuambiwa wanyamaze. Baadaye akimpenda yaya anayewalea, minong'ono huanza. Sisi wauguzi tunaona yote mawili hayafai.

Wengi mmeiona filamu ya mwaka 1965, The Sound of Music. Kisa chake ni cha kweli, ingawa kimetiwa chumvi. Nahodha Georg von Trapp wa Austria alifiwa na mkewe mwaka 1922 kwa homa ya skaleti, akabaki na watoto saba. Binti mmoja, aliyedhoofishwa na homa hiyo hiyo, hakuweza kwenda shule. Mwaka 1926 akaletwa Maria Kutschera, kutoka monasteri ya Nonnberg, amfundishe nyumbani. Alikuwa mchangamfu, mpenda nyimbo, asiyezoea kubanwa. Watoto walimpenda, na baba yao pia. Walifunga ndoa Novemba 1927.

Maria mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliolewa kwa kuwapenda watoto. Pendo la mume lilikuja polepole.

Hatushangai. Mtoto aliyefiwa huweza kukojoa kitandani, kukataa chakula au kuumwa tumbo bila ugonjwa kuonekana. Dawa yake mara nyingi ni mtu wa kucheza naye, kuimba naye na kumsikiliza anapomtaja mama yake. Yaya afanyaye hivyo anaponya, na si ajabu baba akavutwa naye.

Lakini baba, kumbuka: huyo ni mfanyakazi wako. Analala kwako na mshahara wake uko mkononi mwako. Je, anaweza kukukatalia? Maria alirudi kwanza monasterini kuomba shauri. Binti aliyetoka kijijini naye apewe nafasi hiyo. Mlipe haki yake yote, arudi kwao, posa imfuate huko. Akikataa, asipoteze kitu. Akikubali, pimeni wote wawili virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Watoto nao waambiwe na baba yao, wasisikie kwa majirani, na picha ya marehemu mama yao isiondolewe ukutani.

Nasi majirani, tuache minong'ono. Tuulize jambo moja tu: je, binti huyu amekubali kwa hiari yake? Kama ndiyo, twende harusini.