Baiskeli isingoje maji yakupwe

Maji yakijaa hupwa, walisema wahenga. Kwa mkazi wa pwani usemi huo si fumbo tu, ni ratiba ya kazi. Maji yanapokupwa mwamba hujitokeza, mchanga wa chini hukaza, akina mama huteremka na vikapu kutafuta kome na chaza, mvuvi wa pweza huchukua mkuki wake, na mwenye baiskeli hupata barabara ambayo hakuna mkandarasi aliyeijenga wala lori linaloipita. Kwa saa chache njia hiyo ni yake. Kisha bahari hurudi na kuitwaa.

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, jambo hilo halina ugeni. Wenyeji wamezoea kupita ufukweni kwa baiskeli za kawaida, maji yakiwa yamekupwa, wakienda kazini, shuleni au kwa jamaa zao. Kilimo cha mwani kilipoanza huko kwa biashara mwaka 1989, baiskeli ikawa miongoni mwa vyombo vya kubebea magunia ya mwani kutoka ufukweni. Hakuna aliyeiita safari hiyo utalii. Ilikuwa njia ya mtu kwenda kwenye shughuli zake.

Siku hizi imeingia baiskeli ya aina nyingine, yenye matairi manene mno, ambayo hukodishwa kwa wageni wanaotaka kupita juu ya mchanga na mawe ya pwani kwa burudani. Yafaa chombo hicho kitazamwe kwa makini, bila kushangiliwa kwa kuwa kimetoka ng'ambo na bila kudharauliwa kwa kuwa ni cha starehe. Ndani yake limo funzo linalowahusu wakazi wa Mbagala, ambao wengi wao hawatakanyaga pedali zake kamwe.

FUNZO LA TAIRI

Siri ya baiskeli hiyo si injini. Tairi la baiskeli ya kawaida, ile yenye keria nyuma na kengele usukanini, lina upana wa kama inchi moja na nusu, na hujazwa upepo mpaka likawa gumu. Kwenye lami hilo ni jema, maana tairi gumu halichoshi miguu. Kwenye mchanga mkavu ni balaa. Uzito wote wa mtu na mzigo wake hukaa juu ya sehemu ndogo sana ya ardhi, tairi huzama, na mpandaji hugeuka kuwa msukumaji.

Tairi nene lina upana wa kama inchi nne, na upepo wake ni mchache kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba. Uzito uleule husambaa juu ya eneo kubwa zaidi, na tairi hupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Likikutana na jiwe la matumbawe hubonyea na kulikumbatia. Matairi ya namna hiyo yalipata umaarufu kutokana na majaribio ya miaka ya 1980 na 1990 huko Marekani, katika theluji ya Alaska na katika mchanga wa New Mexico, yaani mahali ambapo baiskeli ya kawaida ilikuwa imeshindwa.

Hata hivyo, tairi peke yake halitoshi. Anayepita pwani hana budi kuujua mwezi. Maji hupwa mara mbili katika siku, na kila siku saa yake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo katika pwani ya Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita meta tatu. Katikati yake huja maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali na njia huwa nyembamba. Asiyeyajua hayo anaweza kujikuta amebanwa kati ya jabali na mawimbi, baiskeli ikiwa begani. Na akifika nyumbani salama, bado hana budi kuosha mnyororo na rimu kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hula chuma kimyakimya.

Vilevile hana budi kuchagua pa kupita. Mwamba uliofunuliwa na maji si jiwe tupu. Ndani yake wamo chaza, kaa, pweza na matumbawe yaliyo hai, na humo ndimo kitoweo cha familia nyingi za pwani kinamotoka. Katika fukwe za kusini mwa Dar es Salaam kasa nao hupanda kutaga mayai mchangani. Mpandaji mwenye adabu hufuata mchanga uliokaza na kuuacha mwamba kwa wenyewe.

Chombo hiki basi kimefanikiwa kwa sababu waliokibuni walikubali jambo moja. Walipomwona mpandaji amezama, hawakumlaumu kwa uvivu wala hawakumshauri anunue gari. Walitafuta kinachomzamisha, wakakiondoa. Ni hekima hiyo ambayo mipango ya mji inaihitaji.

MCHANGA WA MBAGALA

Mbagala haitazami bahari kuu. Upande mmoja ipo Barabara ya Kilwa, upande mwingine yapo mabonde na mikoko ya Mto Mzinga. Na anayetaka kufika fukwe za Mjimwema na Gezaulole huzunguka kupitia Kongowe na Kibada. Hata hivyo Mbagala inaijua baiskeli kuliko fukwe zote hizo. Alfajiri waleta mkaa kutoka upande wa Mkuranga huonekana wakiingia mjini, magunia yamepangwa juu ya keria mpaka yamempita mpandaji kimo. Hufuata mwenye nazi, mwenye mihogo, mwenye mikate na mchuuzi wa samaki aliyefunga tenga lake kwa mpira. Chini ya mwembe fundi baiskeli amekwisha kutandika gunia lake, akisubiri pancha ya kwanza ya siku.

Watu hao hupita wapi? Hupita pale ambapo lami inakwisha na mchanga unaanza. Mchanga wa Charambe na wa mitaa ya ndani ya Mbagala hauna tofauti kubwa na ule wa ufukweni, na mwenye tairi la inchi moja na nusu, mwenye gunia mbili nyuma, akiuingia huzama. Akiukimbia hana budi kupanda juu ya lami, mbele ya mabasi na malori yaendayo Lindi na Mtwara. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Bahari ina saa zake zinazojulikana na mvuvi huzisoma mwezini. Lori halina maji kupwa.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambao awamu yake ya kwanza ilianza kutoa huduma mwaka 2016, uliambatana na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji la Dar es Salaam lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Awamu ya pili imefuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Hizo ni hatua za kujivunia.

Lakini njia ya baiskeli haikamiliki siku inapopakwa rangi. Inapogeuzwa kuwa kituo cha pikipiki, uwanja wa biashara au maegesho ya gari la mkubwa aliyeingia dukani mara moja, mwenye baiskeli hurudi palepale alipokuwa. Tena safari ya mtu wa Mbagala haianzii barabara kuu. Inaanzia Chamazi, Kijichi na Toangoma, katika mitaa ambako hakuna aliyewahi kuchora mstari wowote kwa ajili yake.

KASUMBA

Wako wanaodai kuwa baiskeli ni chombo cha maskini, na kwamba maendeleo yakija yataiondoa yenyewe. Hiyo ni kasumba, na kwa bahati mbaya huonekana zaidi miongoni mwa watu waliosoma. Mwalimu huona haya kuingia shuleni kwa baiskeli. Karani huona afadhali apange foleni ya basi saa nzima kuliko kuonekana akitoka jasho mlangoni pa ofisi.

Historia haikubaliani nao. Uholanzi ilikuwa nchi tajiri katika miaka ya 1970, na miji yake ilikuwa inajaa magari. Wazazi waliandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Nchi hiyo ikaamua kuirudishia baiskeli njia yake. Leo mawaziri wake huendesha baiskeli kwenda kazini, na hakuna anayewahesabu kuwa maskini. Tanzania nayo iliuonja uchungu wa mafuta. Wazee wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Siku hizo mwenye baiskeli hakuomba kibali kwa mtu.

Wengine watasema, na hoja yao ina uzito, kwamba pikipiki imekwisha kushika nafasi ya baiskeli. Ni kweli kwamba bodaboda imewapa vijana wengi riziki. Lakini pikipiki hunywa petroli kila siku, na mwenye mtaji wa tenga moja la samaki hana petroli ya kuichezea. Kwake yeye baiskeli ndiyo tofauti kati ya faida na hasara. Kumnyima njia ni kumtoza kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

LINALOPASA KUTENDWA

Kwa hiyo mambo matatu yanapasa kusemwa waziwazi. Kwanza, maofisa wa mipango na wahandisi wa halmashauri wachore njia ya baiskeli kuanzia mtaani, si kuanzia barabara kuu. Na wasimamizi wa sheria wailinde kama wanavyoilinda njia ya basi. Pili, ufukwe ubaki wazi kwa wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa meta 60 kutoka pwani ulindwe dhidi ya shughuli zinazoiharibu. Ukuta unaojengwa mpaka majini humzuia mvuvi, mama wa chaza na mwenye baiskeli kwa pamoja. Tatu, walimu wanayo kazi iliyo mikononi mwao. Mtoto wa Mbagala anaweza kufundishwa mwezi na maji, uzito na upepo wa tairi, kwa kutumia baiskeli ya baba yake iliyoegemezwa nje ya darasa. Somo hilo halihitaji fedha za kigeni.

Baiskeli ya matairi manene na iendelee kupita juu ya mawe ya pwani. Haina ubaya, mradi iuheshimu mwamba. Lakini itakuwa ajabu ikiwa mgeni aliyekuja kupumzika atapata njia salama mahali pasipo na barabara, na mwananchi anayeleta mkaa na samaki mjini akaikosa mahali ambapo barabara imejengwa kwa kodi yake. Bahari humwachia mpita njia nafasi mara mbili kila siku, bila kuombwa. Mji uliojengwa na binadamu wenye akili hauwezi kushindwa na bahari kwa ukarimu.