Fundi kwanza, tamasha baadaye

Waswidi walipofufua zumari yao ya kiriba, hawakuanza na tamasha. Mtafiti Mats Rehnberg alichapisha utafiti wake kuhusu zumari ya kiriba mwaka 1943, wakati mzee Gudmunds Nils Larsson wa Dalarna, mpigaji wa mwisho wa mapokeo yale, alikuwa bado hai. Mzee akafariki 1949, kukawa kimya. Miaka ya 1980 ilipoanza ndipo fundi Leif Eriksson alipochonga nyingine kwa kufuata zile kuukuu za makumbusho, na mwanamuziki Per Gudmundson akazipiga.

Kiriba cha ngozi si kazi sana. Kazi ni ule ulimi wa tete: unachukua kipande kilichozibwa na fundo upande mmoja, unapasua ubavuni kijiulimi chembamba kitetemeke. Kikiwa kinene hakilii, kikiwa chembamba kinanata. Hilo hulijui kwa kusoma tu.

Sisi huku Milepa matete si shida, Ziwa Rukwa si mbali. Ila mimi sitaki tuige zumari ya watu. Huko juu Ufipa yapo malungu, matanuru ya chuma yenye urefu wa mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Watafiti wameyaandika, vizuri tu. Lakini zeze na ngoma zetu nani anazipima? Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950, basi kanda zile wapewe mafundi wazisikilize. Halmashauri yetu ikitenga fungu la ala hizi, ianze na ujira wa fundi mmoja na vijana wawili wa kujifunza, mabango ya tamasha yasubiri.